Tupeane uzoefu: Tangu bima ya afya ya zamani, NHIF, ifungwe na mpya, SHA, ianze, hospitalini mmekuta nini? (Lamu, Malindi na visiwani)

Mwana Langoni (mwanzisha mada)

Salaam aleikum jamaa zangu. Jana baada ya magharibi barazani palichafuka. Mzee mmoja asema SHA imemwokoa mkewe, mwengine asema kadi ile hata kufungia halua haifai. Kila mmoja ana risiti zake mkononi, na mimi nawajua wote wawili, si waongo. Nikaona badala ya kubishana kwa habari za Nairobi, tuletane ya kwetu.

Kwa waliokuwa baharini mambo yakibadilika, nifupishe. NHIF ilikuwapo tangu 1966. Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikashika kazi. Hapo katikati mahakama zilivutana: Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakwenda kinyume na Katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi ule, mambo yakaendelea. Sasa mifuko ni mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, unaolipia zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa kutoa kitu. Wa pili ni SHIF, huu tunaouchangia, wa kulazwa, kuzaa na upasuaji. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaoingia wa pili ukiisha. Mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara apimwa uwezo wake kwa maswali, si chini ya 300 kwa mwezi, na alipa ya mwaka mzima.

Sharti moja: jina la hospitali au la mtu aliyekukosea liache. Mji wetu mdogo, tutajuana hivyo hivyo.

Bi Mkomani

Waalaikum salaam. Nianze mimi na hayo maswali. Mpwa wangu alinikalisha ukumbini na simu yake, tukapiga *147#, tukajiandikisha, halafu yakaja: paa la nini, kuta za nini, sakafu ya nini, choo cha namna gani, maji mwayapata wapi, mwapikia nini.

Nyumba yangu ni ya mawe. Kuta nene, zidaka ukutani, dari ya boriti. Aliijenga babu wa babu yangu. Asiyeujua mji huu akisikia kuta za mawe ajua hapa pana tajiri. Hajui boriti zimeoza, upande wa msana, ule ukumbi mrefu wa nyuma, hatulali mvua ikinyesha, na warithi ni wengi lakini wa kutengeneza hayuko. Kubomoa nako haturuhusiwi kiholela, maana mji mkongwe uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Mimi nauza mahamri na viazi karai asubuhi, basi. Kiasi kilichotoka kwangu kikawa kikubwa kuliko cha jirani yangu wa Wiyoni mwenye nyumba ya bati na boti mbili majini.

NHIF kwa mtu anayejilipia ilikuwa mia tano kwa mwezi, tajiri na maskini sawa. Hilo nalo halikuwa haki, nakubali. Lakini nilijua mia tano yangu naitoa wapi. Ya mwaka mzima kwa mkupuo, mahamri hayatoi.

Nililipa. Nina presha, na umri huu sichezi.

Mwalimu wa Hindi

Shikamoo Bi mkubwa. Kwa upande wa mshahara hesabu ni nyepesi, nimeifanya ubaoni na watoto wa gredi ya nane. Aliyelipwa 30,000 NHIF ilimkata 900, sasa akatwa 825. Wa 50,000 alikatwa 1,200, sasa 1,375. Wa laki moja alikatwa 1,700, sasa 2,750, na juu ya hapo hakuna kikomo. Wenzangu chumba cha walimu wananuna. Mimi sinuni kwa hilo, mwenye nacho aongeze.

Linaloniuma ni jingine. Makato yangu hayajawahi kukosa. Mke wangu alipolazwa katika hospitali moja ya binafsi tukaambiwa sistimu imelala, tuweke pesa taslimu kwanza, tutarudishiwa ikiamka. Iliamka tukiwa tumeshatoka. Pesa ya kurudishiwa mpaka leo ni "njoo wiki ijayo".

Nahodha wa Faza

Mimi si mtu wa kuandika, ila hili nimeliona kwa mato yangu.

Ilikuwa kusi, bahari imechafuka. Kule Kizingitini mke wa jamaa yangu alishikwa na uchungu tangu asubuhi. Mkunga wa zahanati, binti mpole sana, Mungu amlipe, alimpima jioni akasema mtoto amekaa vibaya, hapa pataka kisu, twendeni Amu, yaani Lamu mjini. Mume kadi anayo. Alilipa ya mwaka kwa pesa za kamba msimu wa kaskazi, na ujumbe wa kuthibitisha alikuwa akiuonyesha kila mtu pale gatini.

Nikamuuliza, petroli je? Akanyamaza. Boti la kubebea wagonjwa lilikuwa limekwenda upande wa Kiunga. Langu ni injini ya farasi arubaini, na kwa bahari ya usiku ule mafuta huenda mara mbili. Wanaume waliokuwapo wakachanga pale pale, huyu mia mbili, huyu mia tano. Mwenye duka akatoa madumu mawili kwa deni.

Sasa maji. Tulipofika mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, yalikuwa yametoka, na Mkanda maji yakitoka boti lenye watu halipiti. Kuzunguka nje ya Manda na mawimbi yale ni kujitafutia mauti. Tukatia nanga, tukangoja yajae. Mama amelazwa juu ya godoro, tumemfunika turubali kwa manyunyu. Mkunga kila baada ya muda ainama, aweka kile kikombe chake cha kusikilizia juu ya tumbo, sikio juu yake, mkono mmoja umeinuliwa tusiseme neno. Hata injini nilikuwa nimeizima asikie vizuri. Akishasikia hushusha mkono, ndipo nasi twapumua.

Alfajiri tukaingia Amu. Upasuaji ukafanywa, mama mzima, mtoto mzima, mwanamume. Mle ndani hatukudaiwa hata shilingi. SHA huilipa hospitali 30,000 kwa kuzaa kwa upasuaji, kwa kuzaa kawaida 10,000. Hapo nawapa haki yao, kadi ilifanya kazi. Ila boti na petroli ni sisi. Mume yule alilipa deni la madumu mpaka kusi ikaisha na watu wakarudi kuvua.

Mwana Langoni

Bwana Nahodha, hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Nairobi wakijadili bima hujadili kitanda. Huku gharama ya kukifikia kitanda mara nyingine yashinda kitanda chenyewe, na kwenye fomu hakuna pa kuijaza.

Muuguzi Bara

Nafanya kazi hospitali ya serikali, ipi sisemi. Watu hudhani muuguzi akikuambia "nenda kanunue glavu nje" ana duka lake huko nje. Basi nikuelezeni pesa inavyopita.

Mshahara wangu hautoki kwenye bima. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013 nalipwa na kaunti. Lakini glavu, nyuzi za kushonea, maji ya mshipani, mafuta ya jenereta, hivi hununuliwa kwa pesa inayoingia hospitalini. Zamani pesa hiyo ilipelekwa hazina ya kaunti, ukiihitaji uiombe kwa barua. Katika sheria za afya zilizopita 2023 pamoja na ile ya bima imo iliyosema hospitali ibaki na pesa yake iitumie. Kwangu mimi hiyo ndiyo sheria bora kuliko zote zile, ingawa hakuna anayeitaja barazani. Sasa, pesa hiyo nyingi ni ya bima. Tunakuhudumia leo, tunatuma dai, tunangoja. Dai likikaa, stoo inakauka, na anayetumwa kukuambia hakuna ni mimi, si aliyekalia dai.

Tena NHIF ilifungwa ikiwa na madeni yake. Hospitali za binafsi kupitia chama chao, RUPHA, zilikuwa zikipiga kelele juu ya deni la takriban bilioni 30, na Februari 2025 nyingi zikaacha kwa muda kuwapokea wenye kadi, zikataka taslimu. Machi Rais akatangaza wanaodai milioni 10 kushuka chini walipwe, waliozidi hapo madai yakaguliwe kwanza. Mnajua wagonjwa wa wiki zile walikwenda wapi? Walikuja kwetu. Wodi ile ile, vitanda vile vile, wauguzi wawili usiku. Kina mama wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwengine kichwa kule. Ndugu za wagonjwa wakitutukana, nasi twamsikiliza nani?

Na kompyuta. Kila kitu sasa ni kompyuta, na mtandao wa huku mwaujua. Mgonjwa amefika anatweta, mimi nimshike mkono wa kumpima au wa kumtia kidole kwenye mashine ya kumtambua? Mashine ikikataa, hospitali hailipwi. Nikimwacha mgonjwa, Mungu ataniuliza.

Mjukuu wa Siyu

Dada muuguzi umenikumbusha kidole! Bibi yangu tulimleta na homa siku chache baada ya harusi ya binamu yangu. Mikono imekoza hina na piko mpaka kwenye kucha, mapambo ya kweli kweli. Mashine ikakataa. Kidole cha shahada, ikakataa. Gumba, ikakataa. Wakamwosha kwa sabuni, wakamwosha kwa ndimu, hina ya Siyu hiyo, itoke? Bibi akasema, "Mwanangu, mimi siyui mambo ya mashine, nipeni panadoli nende zangu." Mwisho kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali, kina mama waliokuwa foleni wakapiga vigelegele.

Twacheka lakini baba yangu ni mvuvi, mshipi na chumvi vimekula alama zote za vidole. Kwake mashine hukataa hata bila hina.

Muuguzi Bara

Hahaha, huyo bibi namkumbuka. Ila jueni sababu yake. Mwanzo mgonjwa alitambuliwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwa simu. Zikatokea hospitali za kwenye karatasi tu na wagonjwa wasiokuwapo, watu wakidaiwa wamelazwa nao wako shambani wakilima. 2025 wizara ikasimamisha vituo vingi na kusukuma alama za vidole. Wizi wa wachache ndio uliomtia bibi kwenye ndimu.

Mama Pendo, Malindi

Hamjambo ndugu zangu wa Lamu. Niseme mazuri kidogo maana naona mwelekeo ni lawama.

Mzee wangu husafishwa figo mara mbili kwa wiki hapa Malindi. NHIF ililipa 9,500 kwa kikao kimoja, SHA imelipa 10,650. Mfanyie hesabu ya mwezi, ni zaidi ya elfu themanini na tano. Sisi hatuongezi hata mia. Bila bima, kufikia mwisho wa mwaka shamba la Gede lingekwisha kuuzwa na mzee angekuwa kaburini. Kwa hiyo mtu akiniambia bima ni wizi mtupu, mimi huondoka, nisije nikamjibu.

Ila ile Oktoba ya kwanza nisiisahau. Tulikuwa tumelipa NHIF hadi mwisho wa mwaka. Tukafika asubuhi kama kawaida, jina lake halionekani kwenye mfumo mpya. Figo haingoji jina lipatikane. Jioni amevimba miguu, anahema. Kanisa likachanga, tukalipa taslimu mpaka jina lilipojitokeza. Pale nje tulikuwa wengi, na wengine hawakuwa na kanisa.

Bwana Nahodha, lako la petroli nimelielewa sana. Kuna baba wa kutoka Pate husafishwa pamoja na mzee wangu. Amepanga chumba Maweni, hapa hapa Malindi, kwa sababu kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, hawezi. Bima yamlipia mashine. Chumba, chakula na upweke alipa mwenyewe. Mkewe yuko kisiwani na watoto.

Daktari wa Zamu

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni daktari wa serikali hapa pwani, nilikuwa katika ule mgomo wa siku 56, Machi hadi Mei 2024, na najua wengi wenu mlitulaani. Sitarudi huko leo.

Ninalotaka mlijue ni bei. Kulazwa hospitali ya kiwango cha nne SHA hulipa 3,360 kwa siku. Ndani yake mna kitanda, chakula, dawa, vipimo. Mgonjwa wa malaria ya kawaida, hospitali yabaki na kitu. Mgonjwa mwenye kidonda cha sukari kilichooza, anayetaka dawa ya mshipani ya bei na kusafishwa kila siku, hospitali yaingia hasara kila kukicha. Hakuna anayekuambia wazi umfukuze. Lakini utasikia "huyu si afadhali tumpe rufaa Mombasa?" Mara nyingine rufaa ni ya haki. Mara nyingine ni hesabu imevaa koti jeupe. Mimi nimesimama kitandani nikiwa sina hakika na rufaa ninayoiandika, na mbele yangu ameketi mtoto wa mgonjwa akihesabu nauli ya kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen.

Upande wa pili, uzazi: 10,000 kwa kawaida, 30,000 kwa kisu. Tofauti hiyo yaweza kumvuta mtu akimbilie kisu, na hili halikuanza na SHA. Kina mama, mkiambiwa kisu, ulizeni sababu, tena mbele ya mume. Daktari mwenye sababu hatakasirika.

Saratani: SHIF ilianza na 400,000 kwa mwaka kwa nyumba nzima, ikiisha mfuko wa maradhi sugu ukaongeza 150,000. Kwa aliye kwenye matibabu ya dawa na mionzi, hizo ziliisha mwaka haujaisha. Nimeona watu wakipanga tiba kwa kalenda ya bima badala ya kalenda ya ugonjwa.

Kliniki ya Kijijini

Daktari umesema kweli. Na msitusahau sisi maafisa wa kliniki. Mwanzo vituo vyetu vilikuwa vimeachwa nje ya mikataba, mpaka tulipopiga kelele mwanzoni mwa 2025. Huko visiwani daktari ni sisi. Ukitufungia mlango, mtu wa Kiwayu atibiwe na nani?

Kijana wa Hoteli, Watamu

Mimi ni mtu wa msimu. Aprili, Mei, Juni mvua na mwani, watalii hakuna, hoteli yafungwa, twapewa likizo isiyo na mshahara. Hakuna mshahara, hakuna makato. Mwezi wa tano mtoto wangu alishikwa na nimonia. Dirishani wakatazama kompyuta, nikaambiwa sijalipa. Miezi tisa nimekatwa! Nikitaka kadi iamke nilipe ya mwaka mzima kama asiye na kazi, na Julai mwajiri aanze kunikata tena juu yake.

Nimeambiwa kuna ile Lipa SHA Pole Pole ya 2025, wanakukopesha ya mwaka nawe warudisha kidogo kidogo. Vizuri. Lakini mimi sina deni, nina msimu. Sheria yajua mtu mwenye kazi na mtu asiye na kazi. Nusu ya Malindi na Watamu ni watu wa hapo katikati.

Bi Mkomani

Mwanangu, na wavuvi je? Nao ni hivyo hivyo, kaskazi matajiri, kusi maskini. Mchango ungekusanywa msimu wa kaskazi, hakuna ambaye angekataa. Mpaka zaka twaijua itolewe lini.

Mwalimu wa Hindi

Bi mkubwa agombee ubunge.

Mama wa Ndau

Samahanini wakubwa, niulize. Mume wangu amejiandikisha, lakini mimi na watoto sijui kama tumo. Nina mimba ya miezi sita. Nikienda zahanati kliniki ya mimba sitoi kitu, ila nasikia nikizalia hospitali pasipokuwa na jina langu nitadaiwa. Zamani kulikuwa na Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, tulikuwa hatuulizwi mambo haya.

Muuguzi Bara

Dada, ni kweli, kwa Linda Mama ulikuwa waingia na kitambulisho chako tu. Sasa kuzaa hospitalini kuko chini ya SHIF, kwa hiyo mambo mawili yataka kuwa tayari kabla ya siku: jina lako liwe chini ya mumeo, na mchango wa mwaka uwe umelipwa. Usimwachie mume akuambie "mumo". Aingie *147# mbele yako, uyaone majina kwa macho. Watoto watataka vyeti vya kuzaliwa. Kama huna cheti cha mmoja, anza nacho leo. Mkikwama, mhudumu wa afya ya jamii wa hapo Ndau ana simu ya kazi hiyo, hulipi kitu kwa kuandikishwa. Akikudai, niambie kwa ujumbe wa faragha.

Na mimba ya kwanza au iliyowahi kupasuliwa, usingoje uchungu kisiwani. Mwezi wa tisa ukiingia, tafuta jamaa Amu ukae karibu.

Mama wa Ndau

Ahsante dada. Jamaa ninao Langoni. Niliwahi kupasuliwa, ndio. Cheti cha mtoto wa pili ndicho sina.

Nahodha wa Faza

Mama, Jumatatu nashuka Amu kupitia Ndau, maji yatajaa mapema. Mwambie mumeo atengeneze karatasi za mtoto, aje nazo gatini baada ya swala ya alfajiri. Nauli tutaongea naye huko huko.